Selimundu: Herufi moja ndani ya damu

MWANAFUNZI wa Migori au Homa Bay anayesomea biokemia ya seli na molekuli chuoni, akirudi likizo hukuta swali likimsubiri: "Wewe uliyesoma, huyu mtoto anaugua nini haswa?" Huku kando ya Ziwa Viktoria, mara nyingi jibu huwa selimundu. Je, ana maneno ya kulieleza?

Tuanze na istilahi yenyewe. Mundu ni chombo chenye makali kilichopinda, cha kuvunia au kukatia nyasi. Seli nyekundu ya damu kwa kawaida ni ya mviringo. Ya mgonjwa hujipinda kama mundu, ikakwama katika mishipa myembamba, na mtoto akalia kwa maumivu ya mifupa. Ni istilahi nzuri, ila ina mtego: kwa Mkikuyu au Mkamba, 'mundu' ni mtu. Nayo 'seli', kwa wengi, ni ile ya polisi! Si ajabu mitaani watu husema tu "siko seli".

Chanzo ni nini? DNA ni maelekezo yaliyoandikwa kwa herufi nne: A, T, G na C. Katika jeni ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni, GAG hugeuka GTG. Hivyo, katika nafasi ya 6 ya mnyororo wa protini hiyo, asidi amino iitwayo glutamiki huipisha valini. Herufi moja tu, kama 'kula' kugeuka 'kufa'.

Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alipima damu za watu nchini mwaka 1949. Aliona kwamba wenye jeni hii walikuwa wengi Pwani na kando ya ziwa, wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: anayerithi nakala moja hukingwa dhidi ya malaria kali.

Anayeugua ni yule aliyerithi nakala mbili, moja kwa baba, nyingine kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mgonjwa. Si chira, si uchawi, wala si "damu mbaya ya kina mama". Lakini mama anayenyoshewa kidole atajiteteaje kwa istilahi ambayo hakuna aliyemfafanulia?

Kwa hivyo, ndugu mwanafunzi, kabla ya mtihani jaribu kumweleza nyanya yako somo hili kwa Kiswahili. Ukikwama, rudi kwenye daftari.