Kwa nini mtoto wa wiki sita hapimwi VVU kama mama yake

Mama mwenye VVU anapompeleka mtoto wake wa wiki sita kliniki, muuguzi humtoboa kisiginoni na kudondosha matone ya damu kwenye karatasi maalumu. Karatasi hukaushwa na kupelekwa maabara. Wazazi wengi hujiuliza: mbona hakitumiki kile kipimo cha haraka alichopimwa mama, majibu yatoke papo hapo?

Kipimo kile hutafuta kingamwili, na mtoto huzaliwa akiwa na kingamwili za mama yake. Zinaweza kubaki mwilini hadi miezi 18. Kwa hiyo majibu chanya hayasemi kama mtoto ameambukizwa au amebeba tu za mama. Kusubiri nako ni hatari: bila dawa, karibu nusu ya watoto waliozaliwa na VVU hufariki kabla ya miaka miwili.

Ndiyo maana hutafutwa kirusi chenyewe, kwa kipimo cha PCR. Vinasaba vyake kwenye tone la damu ni vichache mno, hivyo maabara huvinakili. Sampuli hupashwa hadi nyuzijoto 95 hivi ili kamba mbili za DNA ziachane, hupozwa, kisha kimeng'enya hujenga nakala. Kila mzunguko huongeza nakala maradufu. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja kinaweza kuwa zaidi ya bilioni moja.

Kary Mullis wa Marekani alipobuni njia hii mwaka 1983, joto lilikuwa kikwazo. Kimeng'enya kilichotumika kiliharibika kama ute wa yai kwenye maji ya moto, ikabidi kiongezwe upya kila mzunguko. Kazi ya kuchosha kweli.

Ufumbuzi ulitoka kwa bakteria, Thermus aquaticus, aliyegunduliwa miaka ya 1960 na Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze kwenye chemchemi za maji moto za Yellowstone. Brock hakuwa akitafuta kipimo cha ugonjwa wowote; alitaka kujua viumbe huishi kwenye joto kiasi gani. Bakteria huyo hustawi kwenye nyuzijoto 70, na kimeng'enya chake huvumilia kupashwa tena na tena.

Mzazi akumbuke kuwa majibu hasi ya wiki sita si ya mwisho kwa mtoto anayenyonya. Hupimwa tena kwa tarehe anazopangiwa kliniki, ikiwamo baada ya kuachishwa kunyonya.