CHIRIKU WA KASKAZINI HANA KALENDA

Mbayuwayu wengi wanaofika hapa kwetu kuanzia Septemba hutoka Ulaya na Asia, na Aprili ikifika hurudi kwao. Hao wana ratiba kama kengele ya shule. Leo nataka kukueleza habari za ndege wasiofika huku kabisa na wasiojua ratiba: chiriku wa misitu baridi ya Kanada, Ulaya na Siberia.

Kuna mmoja aitwaye redpoli, mwenye kofia nyekundu na uzito wa kama gramu 15 tu. Usidhani baridi ndiyo humfukuza. La, ni njaa! Yeye hula mbegu za mti uitwao betula. Mwenzake, mwenye ncha za mdomo zilizopishana kama makasi, huchokora mbegu ndani ya koni za misonobari. Shida ni kwamba miti hiyo haizai sawasawa. Mwaka huu itazaa kupindukia, mwaka ujao wapi! Mbegu zikiwapo, chiriku hukaa papo hapo na theluji yote ile. Huyo wa makasi hata hutaga mayai Januari. Zikikosekana, makundi mazima huhama.

Sasa utamfuatiliaje ndege kama huyo? Tangu 1999, Bw. Ron Pittaway wa Ontario, Kanada, alikusanya habari za mavuno ya mbegu misituni, akatabiri chiriku gani watashuka kusini. Mwaka 2020 kazi ilichukuliwa na Tyler Hoar. Mimi naona hiyo ni akili: ukitaka kujua kama mgeni atakuja, chungulia jikoni kwake.

Njia nyingine ni pete. Mwaka 1899 Hans Christian Mortensen wa Denmark, ambaye alikuwa mwalimu wa shule, aliwavisha ndege pete za alumini zenye namba. Kwa njia hiyo, redpoli aliyevishwa pete Ubelgiji alipatikana China miaka 2 baadaye! Mwingine alitoka Michigan, Marekani, akaonekana Siberia.

Lakini pete haisemi kitu mpaka mtu aisome. Hata hapa Kenya, huko Ngulia, Tsavo Magharibi, ndege wahamao walianza kuvishwa pete 1969. Basi nyinyi wenzangu wa manati, mkipata ndege mwenye pete mguuni, msiifanye pambo. Kama yu hai, nakili namba na maandishi yote, kisha umwachilie. Kama amekufa, nakili vilevile. Andika siku na mahali, upeleke habari Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi.