Kinywaji cha Ginza katika Joto la Baraka

Mwaka 1902, katika mtaa wa Ginza mjini Tokyo, duka la dawa la Shiseido, lililoasisiwa miaka thelathini kabla yake na Fukuhara Arinobu, lilianza kuuza soda na aiskrimu kwa mfano wa maduka ya dawa ya Marekani, ambayo yalikwisha kutambua kwamba mteja mwenye kiu ana faida kuliko mteja mgonjwa. Kutia donge la aiskrimu ndani ya soda hakukubuniwa Japani, kwani Wamarekani walikuwa wakifanya hivyo tangu miaka ya 1870. Lakini Wajapani walikipenda kinywaji hicho, wakakipamba, na katika mikahawa ya enzi ya Showa kikapata umbo linalojulikana leo: bilauri ndefu, soda ya kijani iitwayo ya tikiti ijapokuwa aghalabu haina hata tone la tikiti, vipande vya barafu hadi ukingoni, donge jeupe la aiskrimu juu yake, na cheri moja nyekundu kileleni. Wazee wa huko wakikiona hukumbuka utoto wao, na vijana hukitengeneza nyumbani kwa kutamani enzi ambayo hawakuiishi, tabia ambayo si ya Wajapani peke yao.

Je, mkaazi wa Baraka, mji wa Kongo ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika mkabala na rasi ya Ubwari, au jamaa yake wa Fizi aliye juu milimani, aweza kukitengeneza kinywaji hiki jikoni mwake? Aweza, na bila ya kuagiza kitu chochote kutoka ng'ambo ila pengine ile cheri, ambayo kwa maoni yangu haina kazi yoyote isipokuwa kujionyesha.

Tuanze na hewa, maana soda bila hewa ni maji ya sukari tu. Hewa hiyo ni hewa ukaa, ile ile tuitoayo puani na ile ile itokayo katika pombe inapochacha, na hakuna nchi duniani iliyo na haki ya kuijua kuliko Kivu. Chini ya Ziwa Kivu, katika kina kinachofika karibu mita 485, mmeyeyuka hewa ukaa inayokadiriwa kuwa kilomita za ujazo 300, pamoja na methani kilomita za ujazo 60 hivi, na sehemu kubwa ya hewa ukaa hiyo asili yake ni volkano. Hewa hiyo haipandi kwa sababu ya uzito wa maji yaliyo juu yake, kwani kanuni iliyobainishwa na Mwingereza William Henry mwaka 1803 inasema kwamba kadiri shinikizo linavyozidi ndivyo maji yanavyomeza hewa nyingi zaidi, na shinikizo likiondoka hewa nayo hutoka. Ziwa Nyos la Kamerun, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, lilitapika hewa yake kwa ghafula, na watu zaidi ya 1,700 wakafa, wengi wao usingizini. Na kandokando ya Goma yamo mabonde ambamo hewa hiyo hutuama chini kimya, wenyeji wakayaita mazuku, na mbuzi anayeingia humo kula majani harudi. Chupa ya soda ni ziwa dogo la namna hiyo lililotiwa kizibo: kizibo kikifunguliwa, shinikizo huondoka, na ule mlio tuupendao ndio hewa inayokimbia.

Jambo la pili katika habari ya hewa ni joto, na hapa ndipo Baraka inapoonewa na maumbile. Lita moja ya maji yaliyo karibu kuganda, chini ya shinikizo la kawaida la pwani, humeza takriban lita 1.7 za hewa ukaa. Maji hayo hayo yakifika nyuzi 30 za sentigredi, joto ambalo mchana wa Baraka si ajabu, hayawezi kushika zaidi ya theluthi mbili za lita. Uso wa Ziwa Tanganyika nao uko mita 770 na zaidi juu ya bahari, ambapo shinikizo la anga limepungua karibu sehemu moja katika kumi na mbili, na Fizi iko juu zaidi ya hapo. Ndiyo sababu sukre, yaani soda ya chupa, iliyoshinda juani sokoni, mwenye kuifungua asipoangalia, humrukia kifuani, kisha ikabaki chupani imepooza kama maji ya kuoshea vikombe.

Asiyetaka kununua soda aweza kuitengeneza. Ndimu ina asidi, magadi soda ya maandazi ina bikaboneti, na viwili hivyo vikikutana hutoa hewa ukaa papo hapo. Kijiko kimoja cha chai cha magadi soda, yaani gramu kama 5, chatosha kutoa takriban lita moja na nusu ya hewa, nacho chahitaji maji ya ndimu tatu au nne kukimaliza. Mpishi na atumie chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza, asitumie kamwe ya kioo, maana kioo hakijui kutanuka, hujua kupasuka tu. Na aelewe mapema mambo mawili. Kwanza, maji ya Tanganyika yana asili ya magadi, kipimo chake cha pH kikikaribia 9, kwa sababu ya madini yaliyomo ndani yake, ambayo mengi huletwa na mto Rusizi kutoka Ziwa Kivu. Hivyo sehemu ndogo ya ukali wa ndimu hupotea katika maji yenyewe kabla ya magadi kutiwa. Pili, kinachobaki baada ya ndimu na magadi kupigana ni namna ya chumvi, na ulimi huitambua. Dawa yake ni shira nzito ya tangawizi, ambayo kwa ukali wake hufunika kila kitu, na ambayo kwa watu wa Kongo haihitaji kusifiwa. Atakaye rangi ya kijani na achemshe mchaichai pamoja na sukari, apate rangi hafifu ya majani, asitarajie ile ya Ginza, ambayo hutokana na rangi za viwandani za buluu na manjano zilizochanganywa. Kwa upande wangu, sioni kwa nini kijani kiwe sharti. Soda ya Vital'o ni nyekundu, na aiskrimu nyeupe juu yake inapendeza macho kuliko mengi niliyoyaona.

Baridi ndiyo kazi yenyewe. Katika mji ambao umeme wake aghalabu hutoka katika jenereta na mabamba ya jua, barafu ni bidhaa ya thamani, na mwenye friji ni tajiri wa namna yake. Lakini thamani hiyo si ya uongo, kwani kilo moja ya barafu, ili iyeyuke tu na kuwa maji ya nyuzi sifuri bila ya kupanda joto hata chembe, huhitaji kunyonya joto ambalo lingetosha kuyapandisha maji hayo hayo kutoka sifuri hadi nyuzi 80. Mtu anunuaye mfuko wa barafu hanunui maji yaliyoganda, bali hununua nafasi tupu ya kuhifadhia joto, na ufundi wote uliobaki ni kuhakikisha kwamba joto linaloingia katika nafasi hiyo ni la maziwa, wala si la upepo wa barazani.

Barafu peke yake, hata hivyo, haitoshi kugandisha aiskrimu, kwa sababu maziwa yenye sukari huanza kuganda chini ya sifuri, kwenye nyuzi 2 au 3 za baridi, na huwa magumu ya kuchoteka yakishuka zaidi ya hapo sana. Msaada hutoka kwa chumvi. Barafu ikinyunyiziwa chumvi huyeyuka, maana maji yenye chumvi hayakubali kuganda kwenye sifuri. Na kwa kuwa kuyeyuka huhitaji joto na hakuna jiko lililowashwa, barafu hulinyonya joto hilo kutoka katika nafsi yake na katika kila kinachoigusa, ikazidi kuwa baridi ilhali inageuka maji. Sehemu tatu za barafu kwa sehemu moja ya chumvi, kwa uzito, zaweza kushuka hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri, ingawa katika ndoo ya nyumbani mtu aridhike na nyuzi 10 hadi 15. Jambo la kupoza kwa chumvi si geni katika elimu ya mashariki: Ibn Abi Usaybi'a, tabibu wa Sham wa karne ya 13, aliandika habari za kugandisha maji kwa shura. Wala chumvi yenyewe si ngeni katika ziwa hili, kwani visima vya Uvinza, upande wa Kigoma, vimekuwa vikitoa chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na katika karne ya 19 chumvi hiyo ilizunguka pwani zote za Tanganyika katika mitumbwi ya wafanyabiashara.

Basi vitwaliwe vyombo hivi: ndoo ya plastiki, kopo la bati lenye mfuniko, gunia kuukuu, na mwiko. Bati linafaa kuliko plastiki kwa kopo la ndani, kwa sababu hupitisha joto upesi. Na plastiki yafaa kuliko bati kwa ndoo ya nje, kwa sababu iyo hiyo ikigeuzwa. Maziwa yakipatikana mabichi kutoka nyanda za juu, ambako ng'ombe hulishwa, yachemshwe. Yasipopatikana, au njia zikiwa hazina amani, maziwa ya unga yakorogwe mazito kupita desturi, yatiwe sukari na chembe ya chumvi, yaachwe yapoe kabisa. Kumimina maziwa ya moto katika kopo lililozungukwa na barafu ni kuichoma fedha. Kopo lisijazwe zaidi ya nusu, barafu ipondwe vipande vya ukubwa wa kokwa ya embe, ipangwe tabaka kwa tabaka na chumvi, na ndoo ivikwe gunia. Kisha kopo lizungushwe kwa mkono, kushoto na kulia, bila ya kuchoka; na kila baada ya dakika chache mfuniko ufutwe vizuri ili maji ya chumvi yasidondokee ndani, ufunguliwe, na mwiko ukwangue ukuta wa kopo, ambako utando mweupe mwembamba umeshika.

Kukwangua huko ndiko siri ya ulaini. Maziwa yakiachwa yatulie, chembe za barafu hukua kubwa na kali, zikauma ulimi. Yakivurugwa, chembe hubaki ndogo mno, na hewa huingia kati yake, hata aiskrimu ikawa ni maziwa, mafuta, barafu na pumzi. Pumzi hiyo ndiyo iifanyayo ielee juu ya soda badala ya kuzama.

Sasa maji. Kandokando ya ziwa hili, kuanzia Uvira hadi Fizi, kipindupindu ni ugonjwa unaorudi mara kwa mara, na watu wengi hudhani kwamba kuganda huua vijidudu. Dhana hiyo ni batili. Barafu iliyotengenezwa kwa maji mabichi ya ziwa huhifadhi vijidudu, kisha huviachilia inapoyeyuka ndani ya bilauri. Na hatari ya pili imefichika zaidi. Ngome ya kwanza ya mwili dhidi ya kipindupindu ni ukali wa tumbo, kwani kijidudu chake hakiwezi kustahimili asidi. Watafiti wanaojaribu chanjo kwa watu waliojitolea huwanywesha kwanza magadi soda ya namna ile ile, makusudi, ili asidi itulizwe na kijidudu kipite. Mtu anayetia magadi mengi na ndimu chache katika maji yasiyochemshwa amewafungulia wageni wabaya mlango kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo maji ya soda yachemshwe, na maji ya barafu itakayoingia katika bilauri yachemshwe kabla ya kupelekwa kwa mwenye friji. Barafu ya ndoo, isiyoliwa, haina sharti hilo, mradi mikono ioshwe na mfuniko wa kopo uwe madhubuti. Katika mwinuko wa Baraka maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwenye 97 na kitu, na huo ni moto wa kutosha. Na ndimu zizidi magadi, zisipungue.

Kuviunganisha vyote ni kazi fupi yenye adabu yake. Bilauri ijazwe barafu safi hadi juu, soda baridi imiminwe polepole ubavuni, na donge la aiskrimu lilazwe juu ya barafu, lisitumbukizwe. Likitumbukizwa, kila chembe ya barafu na kila kitundu cha hewa usoni pake huwa mahali pa kuzaliwa kwa mapovu, mapovu hayo huvikwa protini na mafuta ya maziwa hata yasipasuke upesi, na povu zima hupanda likafurika mezani. Likilazwa, povu huja kwa heshima. Baada ya dakika moja, pale soda inapogusa aiskrimu, ambayo ni baridi kuliko yenyewe, huganda utando mwembamba wenye kukwaruza menoni, nao ndio Wajapani wanaougombea kwa kijiko kabla ya kugusa kitu kingine. Mtu akiona vipande vidogo vyeupe vikielea asishtuke: ni protini ya maziwa iliyogandishwa na asidi, sawa na ifanyikavyo katika mtindi, na haina madhara.

Ndoo nayo isimwagwe. Maji ya chumvi yaliyobaki, yakichujwa na kuanikwa katika sinia pana juani, hukauka kwa siku chache za kiangazi, na chumvi yote ikarudi, tayari kwa ndoo ya pili. Isitumiwe kupikia, kwa kuwa imepita katika barafu isiyochemshwa. Iwekwe katika kopo lake, liandikwe ubavuni, na lihifadhiwe mbali na jiko.