Kabari za kupasulia mawe: Faida iko kwenye moto wa pili

UJENZI wa nyumba mjini Mwanza, mji uliojaa majabali ya graniti, huwapa wapasuaji mawe kazi, nao huhitaji kabari. Fundi mwenye karakana nyumbani anaweza kuwauzia bila mtaji mkubwa. Lakini kabari mbovu humpotezea fundi mteja, na inaweza kumpotezea mteja huyo jicho.

Seti moja ina vipande vitatu: kabari na mbavu zake mbili. Mpasuaji hutoboa matundu kwa mstari, hutia mbavu mbili katika kila tundu na kabari katikati, kisha huzigonga kwa zamu. Graniti hustahimili sana kukandamizwa, lakini nguvu ya kuitanua hadi iachane ni kama sehemu ya kumi ya hiyo, au chini yake. Kabari hutumia udhaifu huo.

Malighafi iko kwenye magereji. Springi za malori zina kaboni ya takriban asilimia 0.6, inayotosha kukomaza chuma. Nondo laini za kawaida hazikomai vizuri. Hizo zitengenezewe mbavu. Springi yenye ufa, hata mdogo, isinunuliwe.

Baada ya kufuliwa na kupigwa tupa, kabari hupashwa moto hadi sumaku isiishike, ikaongezwa moto kidogo kufikia nyuzi 800 hadi 850 za Sentigredi. Ncha na kiwiliwili huzamishwa katika oili vuguvugu. Maji hupoza haraka mno na yanaweza kuipasua. Tupa ikiteleza bila kukwangua, kabari imekomaa.

Fundi akiishia hapo, hasara ndipo inapoanzia. Chuma kilichokomazwa tu huvunjika kama kioo. Kabari ing'arishwe, kisha irudishwe kwenye moto mdogo hadi rangi ya bluu ijitokeze, karibu nyuzi 300. Ugumu hupungua kidogo, lakini kabari huhimili nyundo. Kichwa kiachwe laini, kwani kichwa kigumu hurusha vipande kinapogongwa.

Hesabu ni nyepesi. Kati ya kabari 10, mbili zikivunjika na fundi akalazimika kurudisha fedha, gharama ya kila iliyobaki hupanda kwa asilimia 25. Moto wa pili hudai mkaa kidogo na dakika chache tu.

Kipato kingine ni matengenezo: kunoa ncha na kusaga vichwa vilivyochanua kama uyoga, ambavyo navyo ni hatari kwa macho.

Mwenye fedha anayetaka kuingia ubia na fundi asiridhike na kabari zinazong'aa mezani. Achague chache, zigongwe kwenye jabali, huku kila aliye karibu amevaa miwani ya kazi. Zikirudi bila kumeguka wala kupinda, mazungumzo ya mtaji yaanze.