Kipimo cha Kabureta cha Kujiundia

Kabureta hufanya kazi kwa mvuto. Pistoni inaposhuka huku vali ya kuingizia ikiwa wazi, hewa hunyonywa kwa kasi kupitia koo la kabureta na kuikokota petroli pamoja nayo. Kwenye pikipiki ya silinda mbili zenye kabureta mbili, mivuto hiyo isipolingana silinda moja hubeba mzigo wa mwenzake. Injini hutetemeka ikiwa silensa, yaani bila kuongezwa mafuta, huzimazima kwenye foleni ya Darajani, Unguja, na safari ya Nungwi hula petroli kuliko inavyostahili.

Fundi mzoefu hurekebisha kwa sikio, na sikio zuri lina thamani yake. Hata hivyo halishiki tofauti ndogo, wala halimwonyeshi mwanagenzi skrubu igeuzwe kiasi gani. Kwa kazi hiyo kuna saa za mvuto na mirija ya zebaki. Mirija ya zebaki haifai tena kuwepo kwenye gereji yoyote: zebaki ni sumu, na injini ikivuta ghafla inaweza kuinyonya hadi ndani ya silinda na kuitoa kwa bomba la moshi. Mkataba wa Minamata wa kudhibiti madini hayo ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017. Saa za mvuto ni salama, ila mishale yake hurukaruka mno kwenye injini ndogo. Kipimo cha elektroniki huondoa kasoro zote mbili, na mtu anayejua kulehemu anaweza kukiunda mwenyewe.

Moyo wake ni kihisi cha mgandamizo wa hewa, kimoja kwa kila silinda. Kinachofaa ni MPX4115A, ambacho hulishwa volti 5 na kupima kuanzia kilopaskali 15 hadi 115. Kila kilopaskali moja huongeza volti 0.045 kwenye waya wa kutolea. Kwa kuwa Unguja iko usawa wa bahari, injini ikiwa imezimwa kihisi kinapaswa kusoma kilopaskali 101 hivi, sawa na volti 4 na kidogo. Kikipelekwa Arusha, mita 1,400 juu ya bahari, kitasoma karibu 86, na wala hakijaharibika. Asiyekipata anaweza kung'oa sensa ya aina hiyo kwenye gari bovu. Sensa ya Toyota, kwa mfano, ina nyaya tatu, VC ya kuingiza volti 5, PIM ya kutoa kipimo na E2 ya ardhi, na volti zake hushuka mvuto unapoongezeka.

Waya wa kutolea huingia kwenye Arduino, bodi ndogo ya kompyuta iliyobuniwa mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005. Arduino Uno hugawanya volti 5 kwa hatua 1,024, kwa hiyo huweza kutofautisha mgandamizo kwa karibu sehemu moja ya kumi ya kilopaskali. Kioo cha kuonyesha tarakimu cha mistari miwili kinatosha, mstari mmoja kwa kila silinda.

Ugumu uko kwenye programu. Injini ya mipigo minne inayozunguka mara 1,200 kwa dakika huvuta hewa mara 10 tu kwa sekunde, na kati ya mvuto mmoja na mwingine mgandamizo hupanda tena. Programu inayosoma mara moja na kuandika namba hapo hapo itaonyesha tarakimu zisizoshikika. Inapaswa kusoma mamia ya mara ndani ya sekunde moja, kisha ionyeshe wastani.

Hatua inayofuata ndiyo inayopuuzwa zaidi, nayo ndiyo inayoamua kama kipimo ni cha kuaminika. Mtengenezaji wa MPX4115A anaruhusu kosa la asilimia 1.5, yaani kilopaskali 1.5 juu au chini. Vihisi viwili vilivyo salama kabisa vinaweza basi kupishana kwa kilopaskali 3. Vitabu vya huduma vya baadhi ya pikipiki huruhusu kabureta zipishane kwa milimita 20 za zebaki tu, ambazo ni kilopaskali 2.7. Kabla ya kugusa pikipiki, vihisi vyote viwili huunganishwa kwenye mpira mmoja kwa kiungo cha njia tatu, hewa hunyonywa kwa bomba la sindano, na tofauti inayoonekana huandikwa kwenye programu ili iondolewe. Kinachotafutwa ni ulinganifu, si namba kamili.

Sakiti hufungwa ndani ya kopo la plastiki na kupakwa vanishi, kwani hewa ya chumvi ya Mji Mkongwe hula lehemu haraka. Kihisi hukaa juu kuliko kabureta ili matone ya petroli yarudi chini, na filta ndogo ya petroli katikati ya mpira huyazuia yasikifikie. Nyaya hupitishwa mbali na waya wa plagi, maana cheche huvuruga usomaji. Pawabenki hutosha kwa umeme, ingawa nyingine hujizima zikiona mzigo ni mdogo.

Kazi yenyewe hufanyika nje, kwa kuwa moshi wa ndani huua, na feni huelekezwa kwenye injini inayopozwa kwa hewa. Vali, plagi na filta ya hewa hukaguliwa kwanza, kisha skrubu inayoziba tundu la mvuto la kila silinda hufunguliwa na mpira wa kihisi kuchomekwa hapo. Injini ikishapata moto, skrubu inayounganisha kabureta mbili hugeuzwa taratibu hadi mistari miwili ilingane. Kisha mzunguko wa injini huongezwa kidogo na usomaji hurudiwa.

Pikipiki nyingi za Unguja, kama Boxer na TVS za bodaboda, zina silinda moja, lakini kipimo hakikosi kazi hapo. Skrubu ya mchanganyiko hugeuzwa robo robo hadi mgandamizo ushuke kabisa, na hapo ndipo injini inapovuta vizuri zaidi. Mgandamizo ukibaki juu hata skrubu igeuzwe vipi, mara nyingi mpira kati ya kabureta na injini umepasuka kwa jua na unaingiza hewa. Vespa za zamani kama PX hazinufaiki sana, kwani injini yake ya mipigo miwili huvuta hewa kupitia chumba cha kreki. Kwa hizo rangi ya plagi bado ni shahidi bora.

Kipimo kikichomolewa, tundu la mvuto hurudishiwa skrubu yake pamoja na washa yake. Likivuja hata kidogo, marekebisho yote huharibika pikipiki ikiwa bado mlangoni pa gereji.