Majivu ya viwandani yanaweza kuokoa mtambo wa biogesi, lakini yapimwe kwanza

Mwenye ng'ombe hana tabu sana na mtambo wa biogesi, kwani kinyesi huoza taratibu na gesi hutoka. Shida humpata anayelisha tangi kwa mabaki ya chakula: wali, ugali, au maembe na mapapai yaliyooza kutoka soko la Kongowea. Hivi huoza upesi mno na kutoa asidi kuliko vijidudu vya kutengeneza methani vinavyoweza kuitumia. pH ikishuka chini ya 6.5 vijidudu hulegea, tangi huchacha, na jiko halishiki moto.

Hapo ndipo majivu yanapofaa. Majivu ya kuni kutoka boila za viwanda yana kalisiamu na potasiamu, ambazo hukata uchachu, pamoja na chembe za madini kama chuma ambazo vijidudu hivyo huhitaji. Majivu ya makapi ya miwa, kama ya viwanda vya sukari, ni hafifu zaidi kwa kuwa sehemu kubwa ni silika. Usitarajie makubwa kutoka kwayo.

Tena si majivu yote. Ya makaa ya mawe yanaweza kubeba risasi na kadimiamu, na tope la mtambo ndilo tunalomwagia mchicha. Kiwanda kinachogawa majivu kionyeshe matokeo ya maabara. Kutoa bure si hoja. Ukishayapata, tia kidogo, pima pH, subiri siku kadhaa. Ukizidisha ikapita 8, amonia itavidhoofisha vijidudu vile vile.