Ukimya wa Anga na Siri ya Seli

Mwaka 1950, katika chakula cha mchana huko Los Alamos, Marekani, mwanafizikia Enrico Fermi aliwauliza wenzake kuhusu viumbe wa sayari nyingine: wako wapi? Galaksi yetu ina nyota zisizopungua bilioni 100, na umri wake unapita miaka bilioni 10. Chombo cha anga cha Voyager 1 kinakwenda kilometa 17 hivi kwa sekunde, mwendo wa kobe kwa umbali wa nyota, lakini hata kwa mwendo huo kingeivuka galaksi nzima kwa miaka isiyofika bilioni 2. Jamii moja tu yenye ustadi na subira ingekuwa na muda tele wa kueneza vyombo vyake kila pembe. Hatuoni alama yake yoyote.

Ukimya wa redio, peke yake, hauthibitishi mengi. Mwanaastronomia Frank Drake alipoanza kusikiliza mawimbi ya anga huko Green Bank, Marekani, mwaka 1960 alielekeza darubini yake kwenye nyota mbili tu, na mwaka 2018 Jason Wright na wenzake walikokotoa kwamba utafutaji wote uliokwisha kufanyika ni kama kidimbwi kidogo cha kuogelea mbele ya bahari zote za dunia. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba hakuna aliyefika. Wengine husema kila ustaarabu hujiangamiza kwa silaha zake. Maelezo hayo yanadai mno: lazima waangamie wote, pasibaki hata mmoja. Ni rahisi zaidi kukubali kwamba wengi hawakuanza kabisa.

Ushahidi wa hilo tunao miilini mwetu. Dunia ina miaka bilioni 4.5, na miamba ya Pilbara, Australia, imehifadhi alama za uhai za miaka bilioni 3.5 hivi iliyopita. Uhai wenyewe, basi, haukukawia. Kilichokawia ni hatua iliyofuata. Kwa zaidi ya miaka bilioni moja dunia ilikuwa ya bakteria na jamaa zao tu, seli ndogo zisizo na kiini. Kisha seli moja ikaingia ndani ya nyingine, na badala ya kumeng'enywa ikabaki hai humo, ikawa mtambo wa nguvu wa mwenyeji wake. Ndiyo mitokondria. Uyoga, mbuyu, papa na binadamu, wote wenye seli za kiini, ni uzao wa muungano huo mmoja. Jicho limejitokeza mara nyingi kwa njia zisizohusiana, na kuruka kwa mabawa mara nne: wadudu, pterosaria, ndege na popo. Njia iliyo rahisi, maumbile huirudia. Muungano huu haujulikani kurudiwa, ingawa bakteria wasiohesabika wamekuwa wakisongamana majini muda wote huo. Naamini mlango mwembamba uko hapa. Wapo wanaouweka kwenye akili, wakitaja mashoka ya mawe kama yale ya Isimila, Iringa, ambayo umbo lake lilidumu zaidi ya miaka milioni moja bila kubadilika sana. Sikatai, ila milioni ni kitu kidogo mbele ya bilioni.

Atapinga mtu kwamba sayari moja si ushahidi, na kwamba sisi tunaouliza lazima tuwe wa sayari iliyofaulu. Ni kweli, na ndiyo maana kuwepo kwetu hakuonyeshi kuwa hatua hiyo ni rahisi. Lakini pingamizi hilo halielezi kuchelewa. Jua linazidi kung'aa, na baada ya miaka bilioni moja hivi bahari zetu hazitastahimili joto lake. Tumetokea saa za jioni za sayari hii. Mwingine atasema miungano mingine ilitokea ikamezwa na washindi. Inawezekana, ila wa kwanza kufaulu bado alisubiriwa kwa zaidi ya miaka bilioni moja.

Hoja hii inapimika. Tangu mwaka 2021 chombo cha Perseverance kimekuwa kikichukua sampuli za miamba katika eneo la kreta ya Jezero, Mirihi. Mabaki ya bakteria yakipatikana humo, au kwingineko, nitayapokea kwa furaha na hoja itabaki imesimama. Seli yenye kiini, iliyoanzia huko bila undugu na sisi, itaiangusha.